MADA YA 7: KUONGEZA UFANISI KABLA YA KUONGEZA WAFANYAKAZI

Malengo ya mada

Baada ya kusoma mada hii, mwanafunzi aweze:

(a) kueleza maana ya ufanisi, tija na mkwamo katika biashara;
(b) kukokotoa tija ya wafanyakazi na gharama ya kazi kwa kila bidhaa;
(c) kutambua hatua inayokwamisha kazi katika biashara ndogo;
(d) kutaja aina saba za upotevu na kutoa mfano wa kila moja;
(e) kueleza gharama na wajibu wa mwajiri anapoajiri nchini Tanzania;
(f) kuamua, kwa kutumia hesabu, kama biashara inahitaji mfanyakazi mpya au mpangilio mpya.

7.1 Utangulizi

Waswahili husema kidole kimoja hakivunji chawa. Ni kweli kwamba kazi inahitaji watu. Lakini wenye biashara wengi wakiona kazi imewazidi hukimbilia jibu moja tu: "Niongeze mtu." Wakati mwingine jibu hilo ni sahihi. Mara nyingi si sahihi, kwa sababu kazi haikukwama kwa uchache wa watu. Imekwama mahali pamoja, na mtu mpya akiwekwa mahali pengine hataikwamua.

Kanuni kuu ya mada hii ni hii: kabla ya kuongeza mtu, tafuta mahali kazi inapokwama. Mwanafunzi akiishika kanuni hii na hesabu zake, ataweza kujibu swali lolote la mada hii.

7.2 Maana ya maneno muhimu

*Ufanisi* ni kupata matokeo yanayotakiwa bila kupoteza muda, nguvu, malighafi au fedha.

*Tija ya wafanyakazi* ni kiasi cha bidhaa au huduma kinachotolewa na kila mfanyakazi kwa muda fulani. Hupatikana kwa kanuni ifuatayo:

Tija = Jumla ya bidhaa zilizokamilika ÷ Idadi ya wafanyakazi

*Gharama ya kazi kwa bidhaa* ni fedha ya ujira inayobebwa na kila bidhaa iliyokamilika:

Gharama ya kazi kwa bidhaa = Jumla ya ujira ÷ Bidhaa zilizokamilika

*Mkwamo* ni hatua ya kazi yenye uwezo mdogo kuliko hatua nyingine zote. Biashara nzima haiwezi kutoa bidhaa nyingi kuliko uwezo wa hatua hiyo.

Zingatia: Katika kanuni hizi tunahesabu bidhaa *zilizokamilika* tu. Shati lisilo na vifungo bado si shati la kuuza.

7.3 Mfano mkuu: Karakana ya sare za shule, Buguruni

*(Mfano huu na takwimu zake umetungwa kwa ajili ya kujifunzia.)*

Mama mmoja ana karakana ya kushona sare za shule Buguruni, Dar es Salaam, karibu na soko. Ana wafanyakazi wanne: mkataji mmoja, mafundi cherehani wawili na mmaliziaji mmoja. Mmaliziaji ndiye anayetoboa na kushona matundu ya vifungo, kubandika vifungo, kupiga pasi na kukunja. Kila mmoja hulipwa TSh 12,000 kwa siku. Wanafanya kazi saa 7.5 kwa siku, yaani dakika 450, kwa siku sita za wiki.

Kuanzia Desemba, kuelekea shule kufunguliwa Januari, karakana hupokea oda za mashati meupe 18 kwa siku. Mashati yanayokamilika ni 12 tu. Wazazi wanarudi mara mbili, mara tatu. Wengine wamekata tamaa, wanachukua malipo yao ya awali na kwenda kununua sare zilizo tayari Kariakoo. Mama huyu anajua kwamba mzazi aliyeondoka Januari hii hatarudi Januari ijayo, na mtoto wake aliye darasa la kwanza atahitaji sare kwa miaka mingi.

Wakati huohuo shemeji yake amemletea kijana kutoka nyumbani. Kijana anajua cherehani na anahitaji kazi. Familia nzima inasubiri jibu. Mama anaona kila kitu kinamwelekeza upande mmoja: aajiri fundi wa tatu.

Kabla ya kutoa jibu, alichukua daftari na kwa siku tano akaandika kila mtu anafanya nini na kwa dakika ngapi. Matokeo yake ni haya:

| Hatua | Idadi ya watu | Dakika kwa shati moja | Uwezo kwa siku |
|---|---|---|---|
| Kukata | 1 | 10 | mashati 45 |
| Kushona | 2 | 45 | mashati 20 |
| Kumalizia | 1 | 30 | mashati 15 |

*Jinsi ya kupata uwezo:* Zidisha idadi ya watu kwa dakika 450, kisha gawanya kwa dakika za shati moja. Kwa mfano, kushona: (2 × 450) ÷ 45 = 20.

Daftari lilionyesha jambo jingine. Kila siku mmaliziaji alitumwa Kariakoo kununua vifungo na uzi, kwa sababu vilinunuliwa kidogo kidogo. Kwenda na kurudi kwa daladala, pamoja na foleni ya Barabara ya Uhuru na kuzunguka madukani, kulichukua dakika 90 kwa wastani. Zilibaki dakika 360 za kazi: 360 ÷ 30 = 12. Hiyo ndiyo sababu ya mashati 12.

Mama alipouliza, mmaliziaji alijibu: "Mama, mimi nikienda Kariakoo kazi yangu inanisubiri palepale. Hakuna wa kunishikia. Nikirudi nakuta rundo limeongezeka."

Rundo hilo ndilo jibu. Mafundi walishona mashati 18 kwa siku, 12 yakamalizika na 6 yakabaki mezani. Kwa wiki ya siku sita: 6 × 6 = mashati 36 yaliyoshonwa lakini hayawezi kuuzwa.

Kumbuka: Mkwamo hujionyesha kwa rundo. Ukiingia katika biashara yoyote, iwe karakana, mgahawa au ofisi, tazama kazi imerundikana mbele ya nani. Mtu huyo si lazima awe mvivu. Mara nyingi ndiye anayechoka kuliko wote.

7.4 Ingekuwaje kama angeajiri fundi wa tatu?

Uwezo wa kushona ungepanda kutoka mashati 20 hadi 30. Uwezo wa kumalizia ungebaki 12. Kwa hiyo mashati yanayokamilika yangebaki 12.

| | Kabla | Baada ya kuajiri fundi wa 3 |
|---|---|---|
| Wafanyakazi | 4 | 5 |
| Mashati yaliyokamilika kwa siku | 12 | 12 |
| Tija kwa mfanyakazi | 3 | 2.4 |
| Jumla ya ujira kwa siku | TSh 48,000 | TSh 60,000 |
| Gharama ya kazi kwa shati | TSh 4,000 | TSh 5,000 |

Mama angelipa TSh 12,000 zaidi kila siku na asipate hata shati moja la ziada. Baada ya msimu, oda zikipungua, angelazimika kumwondoa mtu, na pengine angekuwa kijana huyohuyo wa shemeji. Kumwajiri mtu mahali pasipo na kazi ya kweli si kumsaidia.

Katika uchumi jambo hili linahusiana na *kanuni ya kupungua kwa tija ya nyongeza*: ukiongeza kitu kimoja tu cha uzalishaji (watu) huku vingine (vifaa, nafasi, mpangilio) vikibaki vilevile, hufika mahali ambapo kila mtu anayeongezwa huleta nyongeza ndogo kuliko aliyemtangulia, na mwishowe hakuna nyongeza kabisa.

7.5 Alichofanya badala yake

*Hatua ya kwanza: kuondoa safari ya kila siku.* Vifungo na uzi vya wiki nzima viliagizwa mara moja kila Jumatatu na kuletwa na bodaboda kwa TSh 4,000. Kwa mashati 108 ya wiki (18 × 6), gharama hiyo ni takribani TSh 37 kwa shati. Mmaliziaji akarudishiwa dakika zake 90. Uwezo wake: 450 ÷ 30 = mashati 15.

*Hatua ya pili: kugawa kazi upya.* Mkataji ana uwezo wa mashati 45 lakini oda ni 18. Anatumia dakika 180 tu na kubaki na dakika 270. Kazi ya kupiga pasi na kukunja, ambayo huchukua dakika 10 kati ya zile 30 za umaliziaji, ilihamishiwa kwake. Sasa:

Mmaliziaji: dakika 20 kwa shati; 450 ÷ 20 = mashati 22 (sehemu ya shati haihesabiwi)
Mkataji: dakika 10 + 10 = 20 kwa shati; 450 ÷ 20 = mashati 22
Mafundi wawili: mashati 20 kama awali

Mkwamo umehama. Sasa uko kwa mafundi cherehani, na uwezo wa karakana nzima ni mashati 20 kwa siku. Oda 18 zinatimia kwa watu walewale wanne.

| | Kabla | Baada ya kupanga upya (oda 18) |
|---|---|---|
| Wafanyakazi | 4 | 4 |
| Mashati yaliyokamilika kwa siku | 12 | 18 |
| Tija kwa mfanyakazi | 3 | 4.5 |
| Jumla ya ujira kwa siku | TSh 48,000 | TSh 48,000 |
| Gharama ya kazi kwa shati | TSh 4,000 | takribani TSh 2,667 |

Hakuna aliyeambiwa akimbie. Hakuna aliyenyimwa muda wa chakula. Kilichoondolewa ni kusubiri na safari zisizo na lazima.

Zingatia: Wafanyakazi wakisikia neno "ufanisi" huogopa kupunguzwa. Mwenye biashara akitumia daftari la muda kama fimbo ya kuwachapia, siku ya pili wataandika uongo na hesabu zote zitaharibika. Katika mfano wetu, taarifa iliyookoa msimu ilitoka kwa mmaliziaji mwenyewe. Anayefanya kazi ndiye anayejua inapokwama.

7.6 Aina saba za upotevu

Taiichi Ohno, mhandisi wa kampuni ya Toyota nchini Japani, aliainisha aina saba za upotevu katika uzalishaji. Kwa Kijapani upotevu huitwa *muda*. Neno hilo na neno letu "muda" hayana asili moja, lakini mwanafunzi wa Kiswahili halisahau kwa urahisi.

| Aina ya upotevu | Mfano katika karakana |
|---|---|
| 1. Kuzalisha kupita mahitaji | Kushona mashati ya ukubwa usioagizwa na mtu |
| 2. Kusubiri | Umeme wa LUKU umeisha katikati ya kazi, mafundi wamekaa |
| 3. Usafirishaji usio wa lazima | Kwenda Kariakoo kila siku kwa vifungo vichache |
| 4. Kazi isiyo ya lazima | Kupiga pasi kitambaa mara tatu wakati mara moja inatosha |
| 5. Akiba iliyozidi | Majora ya kitambaa yaliyolala miezi sita na kufungia mtaji |
| 6. Mwendo usio wa lazima | Kuinuka kila mara kutafuta mkasi au futi ya kupimia |
| 7. Kasoro | Mkono wa shati umeshonwa kinyume, unafumuliwa na kurudiwa |

Kumbuka: Upotevu wa 3 na wa 5 huvutana. Ukinunua kidogo kidogo unasafiri sana, na ukinunua kwa wingi mno unafungia mtaji. Katika mfano wetu, akiba ya wiki moja ndiyo kipimo cha kati.

7.7 Kaizen na S tano nchini Tanzania

*Kaizen* ni neno la Kijapani lenye maana ya uboreshaji endelevu: mabadiliko madogo, ya gharama ndogo, yanayofanywa kila siku na wafanyakazi wenyewe. Hatua yake ya kwanza hujulikana kama S tano. Nchini Tanzania S hizo hufundishwa kwa maneno ya Kiswahili yanayoanza na herufi ileile:

1. Sasambua – tenga vinavyohitajika na visivyohitajika, ondoa visivyohitajika.
2. Seti – kila kitu kiwe na mahali pake, kiweze kuonekana na kuchukuliwa haraka.
3. Safisha – safisha eneo na vifaa. Cherehani yenye vumbi la uzi hukata uzi na kuharibu kazi.
4. Sanifisha – weka utaratibu mmoja ulioandikwa. Kwa mfano, karatasi ya kukatia kwa kila ukubwa wa shati.
5. Shikilia – dumisha utaratibu. Kagua kila wiki.

Utaratibu huu haukuanzia viwandani tu. Wizara ya Afya, kwa kushirikiana na Shirika la Maendeleo la Japani (JICA), ilianza kuutumia katika hospitali mwaka 2007, Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ikiwa ya mwanzo, na baadaye ukaenea katika hospitali nyingine nchini. Ni rahisi kuona kwa nini hospitali ilikuwa mahali pa kuanzia. Muuguzi anayetafuta faili au dawa kwa dakika kumi ni muuguzi ambaye kwa dakika kumi hayuko kwa mgonjwa. Wauguzi hawapatikani kwa urahisi, lakini dakika hizo zinaweza kupatikana kwa kupanga rafu.

7.8 Mifano mingine ya tija kupanda

*Mgawanyo wa kazi.* Mwaka 1776 Adam Smith alieleza kiwanda cha pini ambamo watu 10, kila mmoja akishika hatua yake, waliweza kutengeneza pini 48,000 kwa siku, yaani 4,800 kwa kila mtu. Mtu mmoja akifanya hatua zote peke yake bila ujuzi, alisema Smith, pengine asingefikisha hata pini 20 kwa siku.

*Chombo kinachofaa.* Mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam yalianza kutoa huduma mwaka 2016 katika barabara ya Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Kariakoo. Basi refu la mita 18 lina dereva mmoja kama daladala, lakini hubeba abiria wengi zaidi kwa safari moja, na lina njia yake lenyewe. Tija ya dereva imepanda bila kuongeza dereva wa pili. Lakini kanuni ya mkwamo haibadiliki: mabasi yakiwa machache, abiria hurundikana kituoni, na njia nzuri peke yake haitoshi.

7.9 Gharama ya kuajiri nchini Tanzania

Watahiniwa wengi huandika kwamba gharama ya mfanyakazi ni mshahara. Jibu hilo halijakamilika. Kuajiri kunaongozwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, pamoja na sheria za hifadhi ya jamii na fidia. Mambo ya kukumbuka:

(i) *Hifadhi ya jamii.* Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara. Kwa kawaida mwajiri huchangia asilimia 10 na mfanyakazi asilimia 10.
(ii) *Fidia kwa wafanyakazi (WCF).* Mwajiri huchangia asilimia 0.5 ya mshahara.
(iii) *Saa za kazi.* Zisizidi saa 9 kwa siku, siku 6 na saa 45 kwa wiki.
(iv) *Saa za ziada.* Ziwe kwa makubaliano, zisizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, na zilipwe angalau mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Jumla ya kazi isizidi saa 12 kwa siku.
(v) *Mapumziko.* Angalau dakika 60 kwa mfanyakazi aliyefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa 5.
(vi) *Likizo ya mwaka.* Siku 28 zenye malipo.
(vii) *Kusitisha ajira.* Kunahitaji sababu halali na utaratibu wa haki. Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi isiyopungua siku 28.

*Hesabu ya mfano.* Fundi analipwa TSh 12,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi.

Mshahara: 12,000 × 26 = TSh 312,000
NSSF ya mwajiri: 10% × 312,000 = TSh 31,200
WCF: 0.5% × 312,000 = TSh 1,560
Jumla kwa mwezi: TSh 344,760

Hapo bado hatujahesabu cherehani yake, nafasi ya kukaa, umeme, wala muda wa kumfundisha.

7.10 Ni wakati gani kuajiri ni sahihi?

Mada hii haisemi kwamba kuajiri ni kosa. Biashara inayokua lazima ifike mahali pa kuongeza watu, na nchi yenye vijana wengi inahitaji biashara za namna hiyo. Kuajiri ni sahihi endapo:

1. mkwamo umetambuliwa kwa hesabu, si kwa kelele za wateja;
2. upotevu unaoonekana umeondolewa;
3. ongezeko la oda ni la kudumu, si la wiki mbili;
4. mfanyakazi mpya anawekwa *kwenye* mkwamo;
5. mapato ya bidhaa za nyongeza yanazidi gharama yote ya kumwajiri.

Turudi Buguruni. Tuseme mwaka unaofuata oda zinapanda hadi 28 kwa siku na kubaki hapo. Uwezo wa karakana ni 20. Akiongeza fundi mmoja tu, kushona kutafika 30, lakini kumalizia na kukata kutabaki 22. Karakana itatoa 22. Akiongeza fundi mmoja *na* mmaliziaji mmoja, na kazi ya pasi ikarudi kwa wamaliziaji wawili, hali itakuwa hivi:

Kukata: 450 ÷ 10 = 45
Kushona: (3 × 450) ÷ 45 = 30
Kumalizia: (2 × 450) ÷ 30 = 30

Karakana yenye watu 6 ina uwezo wa mashati 30, yaani 5 kwa kila mmoja, sawa na 20 ÷ 4 ya awali. Uwezo wa kila mtu haukushuka. Hapo ndipo mama anaweza kumwambia shemeji yake, "Mlete kijana," akijua kiti anachompa kina kazi Januari na kitakuwa na kazi Juni.

7.11 Makosa ya kawaida ya watahiniwa

- Kuchanganya *tija* na *jumla ya uzalishaji*. Uzalishaji unaweza kupanda huku tija ikishuka.
- Kujumlisha uwezo wa hatua zote. Uwezo wa biashara ni uwezo wa hatua ndogo kuliko zote.
- Kuandika kwamba ufanisi ni "kufanya kazi haraka" au "saa nyingi". Kurefusha saa huongeza gharama na uchovu. Si lazima kuongeze tija.
- Kusahau kwamba mkwamo huhama baada ya kuondolewa.
- Kutoa hoja bila mfano. Kila hoja iambatane na mfano mfupi.

7.12 Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti kati ya uzalishaji na tija kwa kutumia mfano wa mama lishe.

2. Katika karakana ya Buguruni, baada ya kupanga kazi upya, mmaliziaji ana dakika 20 kwa shati na oda ni 18 kwa siku. Kuna rundo la mashati 36 ya zamani yasiyo na vifungo. Rundo litamalizwa na mmaliziaji kwa siku ngapi?

3. Shule imeagiza kwa dharura mashati 40 ya ziada. Karakana ya watu wanne hutoa mashati 20 kwa saa 7.5. Kokotoa (a) saa za ziada zinazohitajika. (B) gharama ya kazi kwa kila shati la dharura. (C) idadi ndogo kabisa ya siku zinazohitajika bila kuvunja kikomo cha saa 12 kwa siku.

4. Muuza juisi katika Soko la Buguruni ana foleni ndefu saa 7 mchana. Yeye humenya, husaga, humimina, hupokea fedha na hutafuta chenji. Pendekeza mambo matatu ya kufanya kabla ya kuajiri msaidizi.

5. "Kumwajiri ndugu ni kumsaidia." Jadili kauli hii kwa kuzingatia kanuni ya mkwamo.

Majibu na mwongozo

1. Uzalishaji ni jumla, tija ni kwa kila mfanyakazi. Mfano: mama lishe na msaidizi mmoja wakiuza sahani 60, tija ni 30. Akiongeza msaidizi wa pili wakauza sahani 75, uzalishaji umepanda lakini tija imeshuka hadi 25.

2. Kazi ya kila siku: 18 × 20 = dakika 360. Zinabaki 450 − 360 = dakika 90. 90 ÷ 20 = mashati 4 kamili kwa siku. 36 ÷ 4 = siku 9 za kazi.

3. (a) 7.5 ÷ 20 = saa 0.375 kwa shati; × 40 = saa 15 kwa kila mfanyakazi. (b) Ujira wa saa: 12,000 ÷ 7.5 = TSh 1,600; wa saa ya ziada: 1,600 × 1.5 = TSh 2,400. Watu 4 × saa 15 × 2,400 = TSh 144,000; ÷ 40 = TSh 3,600 kwa shati. (c) 12 − 7.5 = saa 4.5 kwa siku. 15 ÷ 4.5 = 3.33, kwa hiyo siku 4. Saa 15 ziko ndani ya kikomo cha saa 50 kwa wiki nne.

4. Mwongozo: kumenya na kukata matunda asubuhi kabla ya wateja, kuandaa chenji mapema au kupokea malipo kwa simu, kupanga vikombe, barafu na mashine mahali pa kufikiwa bila kutembea. Mtahiniwa ataje kwanza hatua ipi ndiyo mkwamo.

5. Mwongozo: ni kweli endapo nafasi ina kazi halisi na iko kwenye mkwamo. Si kweli endapo ajira inaongeza gharama bila bidhaa, kwa sababu inahatarisha ajira ya ndugu huyo pamoja na za waliomtangulia. Tumia takwimu za TSh 4,000 na TSh 5,000 kuthibitisha hoja. Hitimisho litoe msimamo wa mtahiniwa.